Mtu Kando ya Nguzo

Juzi, kwenye duka la vitu vya kale, niliona darubini ya mbao ya kutazamia picha pacha hadi ziungane kuwa moja, nikarudiwa na harufu ya nywele bandia zikichomwa ncha, kwenye saluni ya mama nilipokuwa mtoto, mtaa wa Albert Park, ugenini tulikokimbilia.

Mteja aliyekuwa akisukwa alinipa darubini yake ya aina hiyo nichezee. Ndani, hekalu lililobomoka lilisimama kama kweli, na mtu mdogo kando ya nguzo. Nikadhani ni kwetu Uvira, tulikomwacha papa, baba yangu, vitani.

"Mama, papa iko huku!"

Mama aliacha kusuka, akachungulia kwa muda mrefu. "Ndiyo," akasema. "Iko anatungoja."

Sasa najua mpiga picha alimsimamisha mtu yule ili urefu wa nguzo uonekane. Mama alijua siku ileile kwamba si papa. Lakini mteja alipoinuka kuondoka, mama ndiye aliyeomba kuangalia tena.