Kurwa Kushoto, Doto Kulia

Kwetu Nguvumali pacha anayetangulia ni Kurwa, anayefuata ni Doto. Mie ni Doto. Kiwanda alichofanyia kazi baba kilipofungwa, nyumba ikaweza kusomesha mmoja tu. Kurwa akaniachia shule, akaenda kukata mkonge. Mie nikasoma mpaka nikafika Ulaya, kwenye maabara ya fizikia.

Kazi yetu ilikuwa kupoza gesi kwa miale ya leza hadi atomu zake zikaribie kutulia tuli, kisha kugonganisha mawingu mawili ya gesi hiyo. Atomu huruka mbilimbili: hii ikienda kushoto, mwenzake keshakwenda kulia, kwa mwendo uleule. Ukiinasa moja, umeijua ya pili. Vyombo vya kunasia vilikuwa viwili, nikavibandika majina: Kurwa kushoto, Doto kulia. Wenzangu wakafurahi, nami nikajiona mtu!

Nilipomwandikia mama, akajibu: "Hilo ndilo lililokupeleka Ulaya? Mbona sie twalijua! Pacha mmoja akiumwa, mwenzake husikia."

Siku jaribio la wingu la gesi lilipokubali, baada ya miezi ya kuhangaika, simu ya maabara ikalia. Mama, yuko posta.

"Mwenzio hali yake si nzuri. Nawe wasikia nini mwilini?"

"Mama, hayo ni ya atomu, si ya watu! Niko kazini."

Simu ikakatika kabla hajasema kinachomuuma Kurwa. Nikarudi kwenye wingu langu. Kesho yake sikuandika kuuliza, wala kesho kutwa yake. Baadaye ikaja barua ya mstari mmoja: kapona, alhamdulillahi. Naona haya hata kuyaandika haya.

Miaka miwili ikapita ndipo nikaenda nyumbani. Kurwa alikuwa kakaa mkekani, msuli umemfunika miguu, mama kando yake. Nikamwamkia mama shikamoo. Kurwa akauliza, "Nilipougua, ulisikia?"

Mama akanikazia macho.

"Nilisikia," nikasema. "Kichwa kiliniuma wiki nzima."

Kurwa akavuta msuli taratibu. Mguu wa kulia ulikuwa umenyauka, na kovu la panga limeshuka kutoka gotini hadi kwenye kifundo. Wallahi, nilitamani ardhi inimeze.

Akanitazama, akamtazama mama, akaufunika upesi. "Ulaya mbali, mama," akasema, akicheka. "Maumivu yalipotea njia, yakampanda kichwani."

Mama akanyoosha mkono, akanishika paji la uso.

"Pole, mwanangu," akasema.