Kikombe cha Kalamu

Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi katika chumba kisicho na dirisha, mwisho wa ujia wa ghorofa ya pili. Palikuwa na meza, viti viwili, saa ya kuhesabia sekunde na kikombe cha bati kilichobanduka rangi. Wazee walikuja kupimwa kumbukumbu. Aliwasomea maneno kumi na tano, neno moja kila sekunde, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kisha wao wakayarudia kwa kadiri walivyoyakumbuka. Walimwita Bi Taratibu.

Kabla ya kusoma aliwanyooshea kikombe.

"Kalamu humu, mzee wangu. Na hiyo ya mfukoni."

"Utanirudishia?"

"Ukikumbuka kuidai."

Walicheka, wakatoa. Alijua kwamba anayeogopa kusahau huandika hata kiganjani. Kikombe hicho hakikuandikwa katika kitabu chochote cha mwongozo.

Mkuu mpya wa maabara alikuja na kompyuta mbili na subira nusu. Vipimo vyote vihamie mtandaoni, alisema. Mzee apimwe nyumbani kwake, sauti iliyorekodiwa imsomee, naye ajibu kwenye simu. Akamwagiza Bi Taratibu aandike kila hatua anayoifuata, ili watengeneza programu waige.

"Na mimi baada ya hapo?"

"Mama, kazi yako ni kusoma maneno. Hata kasuku angeweza."

"Tena kasuku haombi likizo," akadakia mmoja wa watengeneza programu. Chumba kizima kikaangua kicheko.

Naye alicheka. Kisha akaenda kuandika hatua arobaini: namna ya kumkalisha mzee, namna ya kuvuta pumzi kati ya neno na neno, la kufanya akishikwa na kikohozi. Alipofika hatua ya arobaini na moja, ile ya kikombe, mkono ukasimama. Akafunika kalamu. Siku yake ya mwisho aliondoka na kikombe mkobani.

Miezi mitano baadaye kaka yake mkubwa, fundi cherehani mstaafu aliyeishi naye, alimpungia simu yenye matokeo ya kipimo kipya.

"Kumi na nne! Wewe na chumba chako mlinipa saba!"

Pembeni mwa kiti chake ilikuwapo bahasha kuukuu, mgongoni ina maneno kumi na tano kwa penseli. Bi Taratibu aliitazama, na furaha ikampanda kifuani kama joto la uji. Kazi ya mkuu ilikuwa ikioza, na huu ndio ulikuwa ushahidi. Aliifungia bahasha kabatini. Hakujiuliza kaka yake alihitaji penseli kwa nini.

Wiki sita baadaye kaka alitoka kununua uzi. Mpita njia ndiye aliyemrudisha. Alikuwa amemkuta kwenye duka lake alilolifunga miaka kumi nyuma, akihangaika kuufungua mlango kwa ufunguo wa kabati.

"Majibu yake ya mtandaoni yalikuwa mazuri mno," daktari alisema huku akipekua faili. "Ndiyo maana hatukumwita mapema."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Bi Taratibu hakulia. Aliuliza tu mkuu wa maabara angetangaza lini matokeo ya mfumo wake mpya.

Alimkuta ukumbini, mbele ya wakuu wa hospitali kumi na mbili waliokuja kuuchukua mfumo wake. Ukutani palimeta wastani wa wazee mia tatu: maneno kumi na matatu.

"Nyumbani mzee hana woga," mkuu alikuwa akieleza. "Akili hufunguka."

"Nikupime wewe," Bi Taratibu alisema akipita katikati ya viti. "Usiogope, huku ni nyumbani kwako." Akanyoosha kikombe. "Kalamu humu."

Wageni walicheka. Mkuu asingeweza kukataa. Akaidondosha kalamu yake yenye pete ya dhahabu. Akasomewa maneno kumi na tano. Alikumbuka sita.

"Wazee mia tatu wamekushinda, mwanangu," Bi Taratibu alisema, akaiweka mezani bahasha yenye maneno ya penseli. "Huyu ni kaka yangu. Sasa hajui njia ya dukani. Hao wengine uliowaambia wazima, watafute wewe."

Mgeni mmoja akafunga daftari lake, na wa pili akafuata.

"Kwa nini hukuniambia?" mkuu alinong'ona.

"Kasuku husema alilofundishwa."

Akaondoka. Mkuu hakukumbuka kuidai kalamu.

Nyumbani kaka aliigeuzageuza mkononi.

"Hii kalamu ya nani, mdogo wangu?"

Akamsimulia yote, neno kwa neno, mpaka mzee akapiga mapaja kwa kicheko. Baada ya kitambo akaiokota tena.

"Hii kalamu ya nani?"

Akamsimulia tena. Mara ya nne hadithi ilikuwa imechacha mdomoni mwake, lakini aliisimulia taratibu, kwa sauti isiyopanda wala kushuka.