Gari la mahari lililokimbizwa Buhare, na samli iliyokaribia kuingia kwenye injini

Wakuu, nawasalimu kila mmoja kwa nafasi yake.

Nimefuatilia mabishano yenu tangu kijana mmoja aulize humu oil ifaayo gari la michezo linalokimbizwa kwenye njia ya mashindano. Wengi wenu mnaanza na "nasikia" au "fundi wangu anasema". Mimi nitaandika nililoliona kwa macho, na penye kumbukumbu hafifu nitasema hivyo.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kupata bidhaa tena, baada ya kipindi kirefu cha rafu tupu. Nilikuwa mwalimu wa kemia katika sekondari moja pale Musoma.

Mdogo wangu Magesa alikuwa na gari la michezo: milango miwili, limelala chini, kuukuu, lakini injini nzima. Aliuziwa na mpima barabara mmoja mgeni aliyekuwa akirejea kwao.

Magesa alitaka kuoa Butiama. Ng'ombe wa mahari hakuwa nao, wala ukoo haukuwa nao. Wezi wa mifugo walikuwa wamekwisha kutupunguzia kazi ya kuchunga.

Mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa upande wetu. Nikaenda kwa baba wa binti, Mzee Wambura, nikamweleza kwamba kijana analo gari tu. Nilitarajia kufukuzwa.

Mzee akafikiri, kisha akasema, "Ng'ombe wangu wameibwa hadi nimechoka kuwafuata. Hili mwizi akilipigia mluzi halimfuati. Nitalipokea."

Kisha akaongeza sharti. "Ng'ombe wa mahari tunamtembezaga kwanza tuone miguu. Na hili nitaliona likikimbia. Likizima au likitoa moshi, mtafute ng'ombe."

Basi ikawa hivyo. Vijana wenye magari walikuwa wakishindana siku za Jumapili, baada ya ibada, katika eneo la wazi huko Buhare, wakizunguka mapipa matupu. Gari la Magesa lingeshindana mbele ya wakwe. Injini ikifa, ndoa nayo imekufa.

Sasa tuje kwenye oil, maana ndiyo mada.

Katika duka moja la mtaa wa Mukendo kulikuwa na makopo ya aina mbili. La kwanza lilikuwa la oil nyepesi, nalo lilichorwa gari la mashindano lenye kung'aa. La pili halikuwa na picha yoyote, limeandikwa 20W-50 tu, yaani oil nzito.

Magesa akashika lile lenye picha. "Kaka, oil ikiwa nyepesi, gari linakuwa jepesi."

"Nani kasema?"

"Inajulikana."

Nilimfungulia kitabu kilichokuja na gari. Kitabu kilisema wazi: nchi ya joto na mwendo wa kasi wa muda mrefu, tumia 20W-50. Kwenye mashindano oil hupata joto kali, na ikipata joto huwa nyepesi zaidi. Iliyoanza nyepesi mno huishia kama maji, presha hushuka, na vyuma husagana. Picha ya kopo haimo kwenye hesabu hiyo. Tukanunua lile lisilo na picha.

Mngedhani jambo limekwisha. Halikuwa limeanza.

Kwetu, mahari huchangiwa na kila upande wa ukoo, na mchango haukataliwi. Ukikataa mbuzi wa mjomba, umemkataa mjomba. Sasa mahari ilikuwa gari, na watu wakauliza gari linakula nini. Wakaambiwa, mafuta.

Mjomba Masatu akaja kutoka Bunda na dumu la mafuta ya pamba. "Kule kwetu kiwandani mashine za kuchambua pamba zinazunguka kutwa kwa haya haya."

"Mjomba, umeona yakitiwa?"

"Nimeambiwa na watu wa ndani kabisa."

Shangazi yetu wa ziwani akaleta galoni ya mafuta ya sangara. Nilipoonyesha mashaka, alinitazama kama asiyeamini kwamba nimesomeshwa. "Mwalimu, umeshawahi kuona sangara amekwama?"

Nikaenda kuwasha jiko la mkaa.

Nikachemsha kila mafuta kwa kiasi kile kile, mbele yao. Ya pamba yalipoungua sana yakawa gundi. Ya sangara yalitoa moshi, na kabla hayajaungua vizuri jirani alitokea na sahani ya ugali akiuliza samaki yuko wapi.

"Mmeona?" nikasema.

"Tumeona," akajibu mjomba. "Jiko lako lina moto mkali mno."

Asubuhi ya mashindano Mzee Wambura akawasili Buhare na wazee wenzake, amebeba kibuyu cha samli. "Mnyama wa mahari haingii nyumbani kwangu mkavu," alisema. "Fungueni kinywa chake."

Mjomba na shangazi waliposikia hivyo, wakasogea na vyombo vyao. Magesa alikuwa ameegemea mlango, akinitazama mimi. Wakuu, msemaji wa upande wa kuoa hawezi kumwambia baba mkwe hapana mbele ya watu.

Nikamuuliza kwa adabu, "Mzee wangu, ng'ombe wa mahari mnampaka samli wapi?"

"Mgongoni na usoni."

"Mnamnywesha?"

"Hapana. Ataharisha."

"Basi na hili lisije likaharisha."

Wazee wakakubaliana kwamba hoja ina uzito. Samli ikapakwa kwenye paa na boneti. Mjomba akapaka mafuta ya pamba milangoni. Shangazi akamaliza nyuma kwa sangara, kwa ukarimu mkubwa. Na kwa kuwa uso wa gari ni kioo cha mbele, mzee alikipaka mwenyewe kwa viganja viwili.

Niliketi kando ya dereva. Kazi yangu ilikuwa kutazama geji ya presha ya oil. Magesa aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, maana kioo hakikuonyesha kitu.

Vumbi la Buhare lilinata kila mahali. Mbwa wa mtaa mzima, walionusa kazi ya shangazi, wakatufuata mzunguko baada ya mzunguko.

Kwenye kona ndefu mshale wa geji ukaanza kushuka. Oil ilikuwa ikikimbilia upande mmoja, pampu ikivuta hewa.

"Punguza," nikasema.

"Kaka, wanatupita."

"Unaoa kwa injini, huoi kwa ushindi. Punguza."

Akapunguza, mshale ukarudi. Tulifanya hivyo kila kona. Tulimaliza wa mwisho kabisa, ukiwaondoa mbwa.

Gari lilirudi na koti nene la udongo, kama lina manyoya. Mzee Wambura akalizunguka, akainama, akasikiliza injini ikinguruma bila moshi. Mpinzani mmoja alikuwa amekwisha kuzima kwenye pipa la mbali, na watu wakimsukuma.

"Linapumua vizuri," mzee alisema. "Nimelipokea."

Tukaanza kupeana mikono.

"Lakini mwalimu, halizai hili. Mtaongeza mtamba mmoja."

Tukaongeza. Magesa akaoa.

Funzo langu ni hili, kijana uliyeuliza. Fungua kitabu cha gari lako, uchague namba ya oil kulingana na joto na kazi utakayolitwika, ujaze hadi alama ya juu bila kuipita, umwage oil ile baada ya mashindano, na ukiwa kwenye kona utii geji kuliko rafiki zako.

Mwenye uzoefu wake na vipimo vyake, karibu uandike hapa chini. Na wenye "nasikia" nao waje, ukoo haufukuzi mtu, ila wapake nje.