Pua ya Sajini

Mbwa wangu hanusi. Sentensi fupi hiyo, na imenichukua miaka mitatu kuitamka. Sajini aliugua, akatokwa na usaha puani mwezi mzima, na daktari wa mifugo akaniambia, "Mzee Kibii, mbwa atapona, lakini pua imekwisha." Nikamshukuru, nikarudi zangu mtaani Kaptembwo, nikanyamaza.

Wewe ungefanya nini? Nilikuwa askari wa mbwa miaka ishirini na mitatu, nikastaafu konstebo vilevile nilivyoingia. Cheo cha Sajini nilimpa mimi mwenyewe, angalau mmoja wetu apande. Kadi zetu zimeandikwa "Kibii na Sajini, Wapelelezi wa Kibinafsi", na usicheke, kazi ilikuwapo. Kuku wakipotea, mtungi wa gesi ukipotea, watu hawataki kwenda stesheni waambiwe warudi kesho. Wananiita mimi. Nawapanga mstari, nampitisha Sajini polepole mbele yao, na macho yangu yako kwenye nyuso. Mwenye hatia hujishuku. Atakohoa, atarudi nyuma, ataanza kujieleza kabla hajaulizwa. Mara nyingi ilifaulu. Sasa hilo neno "mara nyingi" ndilo linalonitafuna.

Mwezi wa nne niliitwa Bondeni, kwenye ploti moja ya zamani, vyumba vya kupanga vinavyozunguka ua mmoja. Nangila, mwenyekiti wa chama cha akina mama wa hapo, ndiye aliyetunza sufuria ya chama, ile kubwa ya kupikia watu mia wakati wa harusi na matanga. Ilikaa nje ya mlango wake, imefunikwa gunia. Asubuhi moja gunia lipo, sufuria haipo.

"Sufuria haina miguu," akaniambia. "Mwizi yuko humu humu."

Nikawapanga uani, wanawake kumi na mmoja. Wa saba alikuwa Kuluthum, mama mmoja mpole anayeuza mahamri na bajia langoni, na ndiye aliyekuwa akiwapikia pilau kwenye shughuli za chama. Adhana ya alasiri ilikuwa imelia punde, na mikono yake bado ilikuwa na maji. Sajini alipomkaribia, alivuta buibui lake akarudi nyuma hatua mbili.

"Mzee, nina udhu," akasema. "Asiniguse kwa pua."

Nilimwelewa, na hapo ndipo dhambi yangu ilipo. Nilikaa Garissa miaka sita. Najua vizuri kwamba Waislamu kama yeye, wakiguswa na unyevu wa mbwa, ni kuosha mara saba kabla ya kusali. Lakini Nangila alikuwa tayari amepiga makofi. "Si ndiye mpishi? Nani mwingine ana haja na sufuria?" Wote wakanigeukia mimi. Neno moja tu lingetosha. Badala yake nikampapasa Sajini kichwani, nikasema, "Mbwa amemaliza kazi yake."

Walipekua chumba cha Kuluthum, wasipate kitu, wakasema basi ameshaiuza kwa watu wa vyuma vikuukuu. Wakamtoa chamani. Mahamri yake yakaanza kulala. Nilipita hapo siku moja saa nne asubuhi, nikaona beseni limejaa mpaka juu. Alinisalimia kwa heshima, "Habari yako, mzee," nami nikajibu nzuri, nikaongeza mwendo.

Mwezi wa nane nilienda matanga ya jirani huku kwetu Kaptembwo. Nikapanga foleni na sahani yangu, na nilipofika mbele nikaona wali unapakuliwa kutoka kwenye sufuria kubwa yenye jina la chama cha Bondeni, limegongwa kwa msumari karibu na kishikio.

"Hii mmeitoa wapi?" nikamuuliza mama mpishi.

"Ni ya kuazima, mzee. Hiram alituletea sisi wa kwaya mwezi wa nne, tukasahau kurudisha."

Hiram ni mume wa Nangila. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliazimisha bila kumwambia mkewe, na mambo yalipoharibika akaogopa kufungua mdomo. Ningemtukana, lakini mimi na yeye tulikuwa tumenyamaza pamoja, na mwenzangu angalau hakujificha nyuma ya mbwa. Nikawaomba sufuria nikairudishe mwenyewe.

Kesho yake nikaipakia sufuria kwenye boda boda, Sajini akiwa kifuani mwangu, nikaenda moja kwa moja kwa Kuluthum. Nilimkuta anafunga mizigo ahamie kwa ndugu yake Naivasha. Nikamwomba msamaha.

"Samahani ya humu chumbani itanisaidia nini, mzee?" akasema. "Uliniaibishia uani."

Basi nikawaita wote uani, nikaweka sufuria chini, nikaeleza habari ya Hiram. Nilidhani yamekwisha. Lakini Nangila alikuwa ameshikwa na aibu, na mtu mwenye aibu hutafuta pa kuitupa. "Hata kama," akasema, "mbwa hakumkamata bure. Pengine kuna kitu kingine ameiba."

Na wanawake wakaitikia kwa vichwa. Waliamini pua kuliko sufuria waliyokuwa wanaiona kwa macho yao.

Nikasema. Nikawaambia mbwa hanusi, hajanusa kitu miaka mitatu. Nikawaambia mama huyu alirudi nyuma kwa ajili ya sala yake, nilijua, nikanyamaza ili nionekane fundi. Mtu mmoja akacheka. Kuluthum akaziba uso kwa mtandio akalia, na wawili wakaenda kumshika mkono. Nikajiona nimetua mzigo, mzee mjinga mimi.

Ndipo akasimama Emmy, mpangaji wa chumba cha mwisho, mwanamke ambaye sikuwa nimewahi kusikia sauti yake.

"Mtaa wa Section 58, mwaka juzi," akasema. "Mkufu wa mwenye nyumba ulipotea. Uliwapanga wafanyakazi, mbwa akalala mbele ya mtunza bustani."

"Nakumbuka."

"Anaitwa Kipchirchir. Alikuwa mume wangu. Aliniapia akilia. Nikamwambia binadamu ana sababu ya kudanganya, mbwa hana. Nikabeba watoto nikaja huku." Akanitazama. "Mbwa aliona nini kwake?"

Nilikumbuka vizuri kuliko nilivyotaka. Ilikuwa saa saba, jua la Februari, na katika boma lile lote mti ulikuwa mmoja. Kipchirchir alikuwa amesimama chini yake, na Sajini alikuwa amechoka.

"Kivuli," nikamwambia.

Akaniuliza tena kana kwamba hakusikia, nikarudia. Akatoa simu mfukoni, akaishika muda mrefu bila kubonyeza kitu.

"Namba yake niliifuta," akasema.