Kichupa Kilichorudishwa

Wagonjwa wa saratani wa wodi yetu walimwita Mbu, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kutoa damu. Kwa miaka kumi na tisa alizunguka vitandani na trei yake akiuliza, "Nani hajanyonywa leo?" na watu wasio na sababu yoyote ya kucheka wakacheka.

Alijivunia jambo moja: hakuna kichupa chake kilichowahi kurudishwa na maabara. Vyetu sisi wauguzi wengine vilirudi kila wiki. Akikuona unakwenda nacho mbiombio, anakusimamisha katikati ya korido. "Hiyo siyo dawa ya kikohozi! Damu haitikiswi. Chembe zikipasuka, mgonjwa wa watu anatobolewa tena kwa ajili ya haraka zako." Nilikaripiwa hivyo mara tatu, moja mbele ya mume wangu. Sijasahau.

Kisha dada yake akalazwa kwetu, dada mkubwa aliyemlea. Alikuwa amemaliza mizunguko miwili ya dawa, nywele zimekwisha, na daktari akataka kipimo kipya. Wanatafuta kwenye damu alama zinazoachwa na uvimbe. Zikipungua, dawa inafanya kazi, aendelee nayo. Zisipopungua, anateswa bure, ibadilishwe.

Mbu akamtania kama alivyomtania kila mtu. "Lete mkono, bibi kizee, nina kiu."

Dada alitoa mkono akageukia ukutani. Nilikuwa natandika kitanda cha jirani, nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Hata mimi? Hata mimi ni mgonjwa kama wengine tu?"

Mbu alibandika pamba, lakini kichupa hakukiweka kwenye trei. Alikifumbata kiganjani akatoka.

Baada ya saa moja simu ya wodi ikalia, nikaipokea. Maabara: chembe zimepasuka, leteni damu nyingine. Niliuliza mara mbili ni kichupa cha nani, na sitadanganya, mara ya pili niliuliza kwa raha zangu tu.

Raha iliniishia nilipomwona Mbu kando ya kitanda na sindano mpya, hana utani hata chembe.

"Dada, imeharibika. Nimeitikisa mwenyewe. Nilishuka ngazi nakimbia, mkono unatetemeka, nikashindwa kuuzuia."

Dada akamkazia macho. "Wewe? Umetetemeka?"

"Njia nzima."

Dada akaangua kicheko, cha kwanza tangu alazwe, akapandisha mkono wa gauni. "Haya, nyonya."

Kichupa cha pili kilipojaa Mbu alinikabidhi mimi, yeye hakujiamini tena. Nilikipeleka polepole kama mtu aliyebeba uji wa moto, na sikumwambia neno, ingawa nilikuwa nalo.

Majibu yalitoka baada ya siku tisa. Alama hazikupungua. Dawa ingebadilishwa, na mateso yote yaanze upya. Mbu, aliyewachekesha watu miaka kumi na tisa, alilia mbele ya wodi nzima kwa kwikwi.

Dada ndiye aliyemfuta machozi, kwa pembe ya shuka letu safi nililotoka kulitandika.

"Nyamaza, mdogo wangu. Jibu nililokuwa nalitaka nilishalipata kwenye kile kichupa kilichorudishwa."