Baraka yenye Sukari

Niandike sasa hivi, aibu ingali ya moto. Vita imewafukuza watu wa Manguredjipa, wanalala katika madarasa yetu hapa Butembo, na watoto wao wanaharisha. Mama Kavira, muuguzi wa parokia, alinifundisha kuwachanganyia maji yaliyochemka, sukari na chumvi kidogo, ili nguvu irudi mwilini.

Leo asubuhi nilijaza bidon mbili, madumu ya manjano yanayofanana: moja ya watoto, ingine maji matupu ya padri kubariki. Nilipofika sakristia sikujua tena ipi ni ipi. Kuonja mbele ya wakubwa? Mimi mwenye haya hivi? Nikaacha moja, nikapeleka ingine darasani.

Kwenye misa Abbé, padri wetu, alitunyunyizia maji ya baraka vizuri sana, kwaya ikipaza sauti. Mtoto mbele yangu akalamba mdomo.

“Mama! Baraka ya leo iko na sukari!”

Benchi nzima ikaanza kulamba mikono. Mama Kavira akanigeukia. “Masika! Donc, basi, batoto banakunywa nini?”

Abbé naye akalamba kidole, akacheka. “Masika, kimbiza hii bidon kwa bagonjwa. Siye huku hapana mwenye kuhara.”