Bampa la Mama Ekuru

Akuei hushona mabampa. Mafundi wenzake wa Kakuma hushughulika na injini, breki na springi, na wakimwona ameinamia kipande cha plastiki na waya mkononi humwita fundi cherehani. Huitika bila kinyongo, kwa sababu kazi haimkaukii. Barabara ya kwenda Lodwar ina punda, ngamia, mbuzi na mashimo, na gari linaloipita kila siku halikosi siku yake ya kuvunjika pua.

Kushona alijifunza kwa mama yake huko upande wa Bor, kabla vita havijawafukuza wakaja kambi hii ya wakimbizi. Mama alikuwa fundi wa vibuyu vilivyopasuka: anatoboa vitundu pande zote mbili za ufa, anapitisha uzi wa ngozi, anakaza, na maziwa hayavuji. Akuei hufanya vivyo hivyo, ila uzi wake ni waya mwembamba uliotolewa kwenye matairi yaliyochomwa, na sindano yake ni msumari uliotiwa motoni. Hutoboa kwanza tundu dogo pale ufa unapoishia, usije ukaendelea kutambaa. Akishashona, huyeyusha juu yake ukanda wa plastiki aliokata kwenye bampa kuukuu, hupiga msasa, hupaka pati ya kusawazisha, hupiga msasa tena, mpaka kidole kipite juu yake bila kujikwaa. Rangi huipuliza alfajiri. Upepo wa Turkana ukishaamka, mchanga hauna adabu na rangi mbichi ya mtu.

Ni mpole kwa kila kitu isipokuwa kazi yake. Hapo ana domo. Gari likiondoka kibandani kwake hulipiga konzi la kuaga na kumwambia mwenye gari, "Wakiuliza, sema haijaguswa!" Wateja hucheka, mafundi wenzake husonya, na yeye hurudi kukaa kwenye kopo lake la rangi akiwa ameridhika kabisa na nafsi yake.

Ndivyo alivyokuwa asubuhi Nasike, mama yake Ekuru, alipoleta gari lake jeupe aina ya Probox, bampa la mbele limening'inia upande mmoja.

"Ejok, fundi," alisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-noi, Mama Ekuru. Umegonga nini?"

"Mimi sijagonga. Punda ndio imenigonga."

Akuei alicheka, Nasike hakucheka. Gari lilikuwa la marehemu mumewe. Baada ya mazishi, ndugu za mume walikaa Lodwar wakalizungumzia. Shemeji yake Aukot alitaka kulichukua aliendeshe mwenyewe, akisema mwanamke atalimaliza. Wazee wakaamua Nasike alishike kwanza, abebe abiria kati ya Kakuma na Lodwar, na mvua zikipita wakae tena waliangalie. Wakiridhika, gari ni lake na watoto moja kwa moja. Wasiporidhika, Aukot atalichukua. Mvua zilikuwa zimepita, na kikao kilikuwa Jumamosi.

Watoto walikula kwa gari lile. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Nasike hakuwahi kumwambia mtu ila Akuei, siku moja akisubiri taa ibadilishwe: kwamba tangu afiwe, akiwa nyumbani anajiona kama mzigo uliosahauliwa stendi, lakini akishika usukani anajua anakokwenda.

Aliinama kando ya fundi wakaangalia ufa pamoja. Ulianzia chini ya taa ukashuka mpaka ukingoni.

"Nafikiri nitawaambia tu," alisema. "Punda iliruka kwa barabara, hata abiria waliona. Wewe shona ikae vizuri, mengine nitaeleza."

"Ueleze nini, mama? Na huyo shemeji yako anangoja tu hiyo!" Akuei aliinuka akajipiga kifua. "Hii nitafanya mpaka wewe mwenyewe utafute pahali ilipasuka, ukose. Wakiuliza, sema haijaguswa."

"Sipendi uongo mbele ya wazee, fundi."

"Si uongo kama hakuna mtu anaona."

Nasike aliupapasa ufa kwa kidole. Hatimaye alisema, "Haya, fanya," akaenda kungoja chini ya kivuli cha mabati, na Akuei akawasha jiko.

Hajawahi kushona bampa kama lile. Waya ulikaa kwa nafasi sawasawa, plastiki ikayeyuka ikashikana, na msasa ulipomaliza kazi yake alifumba macho akapitisha kidole akaupoteza ufa. Ikabaki rangi. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo fundi wa Kisumu au wa Mombasa asingelifanya, kwa kuwa huko gari huoshwa kwanza.

Kakuma maji hupangiwa foleni. Mtu akionekana anamwaga mtungi mzima juu ya gari atatukanwa kwa lugha zote za kambini, na atastahili. Kwa hiyo Akuei alilipangusa Probox kwa kitambaa kikavu, akasimama mbali kidogo, akakunja uso, akalitazama. Jeupe lile halikuwa jeupe la dukani. Lilikuwa limekolea kidogo, na yeye akaona ni jua. Basi akatia kwenye rangi yake tone la njano na chembe ya kahawia, akajaribu kwenye kipande cha bati, akaongeza, akajaribu tena. Alfajiri alipuliza. Jua lilipopanda bampa lilikuwa la rangi moja na gari, hata jirani yake fundi wa breki, ambaye hajui kusifu, alitikisa kichwa akasema kijana huyu ni hatari.

Nasike alilizunguka gari mara kadhaa. Kisha akatabasamu, tabasamu lake la kwanza tangu punda.

"Sema haijaguswa!" Akuei alimpigia kelele gari likiondoka.

Jumamosi ikapita. Jumapili Akuei akamtafuta Nasike kwa simu, simu imezimwa. Jumatatu Probox likatokea barabarani likapunguza mwendo, na Akuei akasimama kwa furaha akifuta mikono. Aliyeshuka alikuwa mwanamume mrefu mwenye kofia na fimbo ya mkononi.

Gari lilikuwa linang'aa. Lilikuwa jeupe kabisa, jeupe la dukani, na mbele yake kulikuwa na bampa la rangi ya chai ya maziwa. Alichokidhani ni jua kilikuwa vumbi tu.

"Wewe ndiye fundi?" mwanamume aliuliza. "Mimi ni Aukot. Nataka hii ifanane."

Akuei aliuliza Mama Ekuru yuko wapi. Aukot hakuonekana mtu wa kufoka. Aliketi kwenye benchi, akaweka fimbo magotini, akaeleza kama anayesimulia habari za majirani. Kikao kilikwenda vizuri. Wazee walimuuliza Nasike kama gari limewahi kuguswa, akasema halijaguswa. Wakaridhika wote, hata yeye Aukot aliridhika, shingo upande. Wakasema lipelekwe mto Turkwel lioshwe, likirudi walinyunyizie maji ya baraka na kulikabidhi kwake. Likarudi vile lilivyosimama sasa, bampa na rangi yake.

"Kwa hiyo mlimnyang'anya kwa sababu ya punda," Akuei alisema.

"Punda?" Aukot alimtazama. "Fundi, gari gani hapa haijagonga punda? Ndugu yangu mwenyewe aligonga ngamia na hii hii gari. Angesema punda, wazee wangecheka, wangebariki. Lakini alisema haijaguswa. Mzee mmoja akauliza, kama anatudanganya kwa bampa, anatudanganya na nini ingine? Hapo hata wale walikuwa upande wake wakasema nichukue gari."

Akuei alikaa kwenye kopo lake la rangi. Aliona aibu, aibu ya kweli inayowaka masikioni, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kazi hakujisifu.

"Hayo maneno ni yangu, mzee," alisema mwishowe. "Yeye alitaka kuwaambia. Mimi ndio nilimwambia aseme hivyo."

Aukot alifikiri. "Lakini hukuwa pale," alisema. Akasimama, akaenda kutafuta chai.

Akuei alipiga simu tena. Safari hii Nasike alipokea. Akamwambia yote bila kupumua: kwamba gari liko kwake, kwamba kosa la rangi ni lake na kosa la maneno ni lake, kwamba amemweleza Aukot, kwamba ataomba kibali cha kutoka kambini aende Lodwar akawaeleze wazee pia. Na kwamba hatalipaka rangi hilo bampa. Aukot atafute fundi mwingine.

Nasike alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ukikuja kwa wazee, kuja," alisema. "Sitakukataza. Lakini mdomo ilikuwa yangu, Akuei. Na hiyo rangi, paka. Paka vizuri. Ni gari ya baba ya watoto wangu, sitaki watu wa Lodwar waicheke."